Sura ya Sita: Mkunga Hafi Mara Mbili

Simu ya mama mkwe ilimkuta Inspekta kwenye ngazi za kituo cha televisheni, saa tano asubuhi, mguu mmoja juu, mguu mmoja chini. Aliipokea mbio mbio. Mama huyu alikuwa hajamsemesha wiki tatu nzima, tangu siku ile alipomwambia, "Mama, mbona unalia, si maigizo tu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia kesi ya Mkunga umepewa wewe."

"Si ya Mkunga, mama. Ni ya diski iliyoibwa."

"Ndiyo hiyo hiyo. Sasa sikiliza, mwanangu. Leo saa moja jioni wakimzika yule mwanamke, mimi nafunga mizigo nahamia kwa mdogo wake mkeo. Siwezi kukaa nyumba moja na askari aliyeshindwa."

Akakata. Inspekta aliitazama simu, akairudisha mfukoni, akamalizia ngazi.

Tuseme ukweli, Mkunga hakuwa mtu wa kuzaliwa. Alikuwa mtu wa tamthilia. Miaka tisa, kila Ijumaa saa moja jioni, alizalisha, akasuluhisha ndoa, akawapa wanaume wakorofi vidonge vyao. Wiki tatu zilizopita gari lake lilitumbukia mtoni, na nchi nzima ikapatwa na wazimu. Simu za kituo zilijaa mpaka opereta akaugua. Kampuni ya sabuni iliondoa matangazo yake. Mwalimu mmoja wa hesabu aliandika barua ya kurasa sita, na michoro juu, kuthibitisha kwamba kwa mwendo ule gari lisingeufikia mto hata lingesukumwa. Na hapo nje, tangu alfajiri, watu kama mia mbili walikuwa wamesimama na mabango. Moja lilisema: TURUDISHIENI MAMA YETU. Jingine, lililoandikwa kwa haraka zaidi, lilisema: HATA AKIWA AMELOWA.

Mwongozaji wa tamthilia, ambaye kila mtu alimwita Bosi, alimpokea Inspekta pembeni ya jiko la maigizo. Lilikuwa jiko zuri kabisa, ila halikuwa na ukuta wa nne. Waigizaji wawili walikuwa mezani, glasi ya maji katikati yao, kamera zikiwatazama.

"Tumemrudisha," Bosi alinong'ona.

"Nani?"

"Mkunga. Hakufa. Alisombwa na maji, wavuvi wakamwokota, akapoteza kumbukumbu. Leo saa moja anasukuma mlango wa zahanati na kuingia. Siri hii tunaijua watu watano tu."

"Na diski iliyopotea ndiyo yenye kipindi hicho."

"Ndiyo yenyewe. Imechukuliwa jana chumba cha kukatia picha, vinapohaririwa vipindi, kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi."

"Nakala iko wapi?"

"Hakuna. Nilikataza nakala, zisije zikavuja. Hata kadi za kamera nilizifuta kwa mkono wangu huu."

Inspekta alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyefunga mlango akameza ufunguo.

"Isipopatikana?"

"Narusha ile ya mazishi. Tuliipiga ya kuzugia tu, watu wasinuse. Lakini nikishamfukia, nimemfukia. Siwezi kumzika Ijumaa hii nikamfukua Ijumaa ijayo, watatuchoma moto humu ndani." Bosi alijifuta jasho. "Ila Inspekta, unanihoji mimi wa nini? Mwizi si mnaye tayari?"

Walikuwa naye kweli. Mshonaji wa sare za shule, jina la mtaani Mama Vifungo, mwenyekiti wa wapenzi wa tamthilia. Jana saa nne na nusu mlinzi alimnasa akitoka mlango wa nyuma, begi lina mkasi na futi ya kupimia. Aliulizwa alikuwa anafanya nini humo ndani, akafumba mdomo. Amelala mahabusu, na Jumatatu asubuhi anapelekwa mahakamani.

"Aliniandikia barua mia tatu," Bosi alisema. "Ya mwisho ilisema: 'Ukimzika Mkunga utanijua.' Alidhani kwenye diski kuna mazishi, akaja kuyazuia. Kesi imekwisha hiyo."

"Kata!" ilipigwa sauti ya kike huko jikoni. Kila kitu kilisimama.

Mwanamke mwembamba, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, alikwenda mezani na chupa ya maji. Alichuchumaa mpaka jicho lake likawa sawa na glasi. Akamimina kidogo. Akatazama daftari nene alilokuwa nalo kwapani. Akaongeza tone. Akaigeuza glasi kwa kucha ya kidole.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Endeleeni."

"Huyo nani?" Inspekta aliuliza.

"Bi Daftari. Mtunza mwendelezo. Sisi tunapiga mwisho leo na mwanzo kesho, yeye ndiye anayekumbuka glasi ilikuwa na maji kiasi gani na tai ilielekea wapi. Miaka kumi na tisa yuko hapa. Anasumbua, lakini ndiyo kazi yake."

Inspekta alitikisa kichwa, akaomba aonyeshwe chumba cha mavazi. Mshonaji mwenye mkasi, alijisemea, haendi kutafuta diski kabla hajapita kwenye nguo.

Chumba cha mavazi kilikuwa chini, karibu na mlango wa nyuma. Mtunza mavazi, mzee mmoja mwenye pini mdomoni, alimtolea gauni jeupe la Mkunga.

"Hili hapa. Jana saa nne kasoro nililitundika, nikatoka kupokea vitambaa. Saa nne na nusu nikarudi nikafunga. Halijakosekana kitu. Ila kile kifungo cha tatu, hicho kilikosekana tangu... he!"

Alitoa pini mdomoni.

"Kipo!" akasema.

Inspekta alikuwa ameshaliinamia. Kifungo cha tatu kilikuwepo. Tena si hicho tu. Vifungo vyote tisa vilikuwa na uzi mpya, umezungushwa shinani mara nne nne, mafundo yamefichwa kwa ndani.

"Fundi mzuri anatumia muda gani kushona kifungo namna hii, kwa mkono?"

"Dakika tatu. Akiwa na haraka zake."

Tatu mara tisa, ishirini na saba. Inspekta alipiga simu kituoni kwa msaidizi wake, Koplo, mama wa watu mwenye mikono mizito na moyo mwepesi.

"Koplo, mpe simu Mama Vifungo."

Ikasikika mikwaruzo, halafu pumzi.

"Mama Vifungo, hujambo? Nimeliona gauni. Hongera, kazi safi."

Kilio kikaanza, si cha kelele.

"Kwa nini hukusema, dada yangu?"

"Niseme nini? Mwanamke mzima, nina wajukuu, nimeingia nyumba ya watu kwa mlango wa nyuma kumshonea mtu asiyekuwepo? Askari wenu si wangecheka mpaka waanguke? Miaka mitatu kile kifungo kinaniuma, Inspekta. Nikasema, kama wanamzika, basi azikwe na vifungo vyote."

"Ulipanda juu? Ghorofa ya pili, chumba cha kukatia picha?"

"Mguu huu wenye goti bovu? Nipande kutafuta nini?"

"Basi tulia. Utatoka leo."

"Nitoke nikaone mazishi? Niacheni humu humu."

Inspekta alikata simu. Alikuwa na dakika ishirini na saba za vifungo, na mwizi hana.

Chumba cha kukatia picha kilikuwa kidogo kama kabati, giza, skrini mbili na kiti kimoja kilichotumbukia. Mkata picha alikuwa kijana wa miaka arobaini, kama wanavyokuwa vijana wa kazi hiyo, macho mekundu na tumbo la kukaa.

"Saa nne na dakika tano nilitoka," alisema. "Nilikwenda kumwona mhasibu. Nikarudi na nusu. Diski hakuna."

"Meza iko kama ilivyokuwa?"

"Sijagusa. Nimeambiwa nisiguse, nimetii. Hata kikombe sijaosha."

Inspekta aliinama. Kikombe cheupe chenye ua jekundu ubavuni, kimebaki na makapi. Chini yake rundo la karatasi, na juu ya karatasi sisimizi walikuwa wamejipanga foleni kama watu wa benki mwisho wa mwezi. Waliingia na kutoka kwenye doa la kahawia lenye ukubwa wa sahani.

"Hii chai ulimwaga wewe?"

"Mimi? Hapana. Nilipotoka niliiacha nusu, imefika kwenye ua. Nakumbuka kwa sababu niliihurumia. Niliporudi ilikuwa pale pale, kwenye ua. Niliinywa baadaye kwa hasira."

"Ilikuwaje?"

"Ya baridi. Na tena siku ikiamua kukukataa, inakukataa na vitu vidogo. Ilikuwa haina sukari! Mimi natia vijiko vinne, daktari ananigombeza kila siku. Nikaonja, nikasema leo hata ulimi nimeibiwa."

Inspekta hakucheka. Alitoka koridoni. Hatua sita kutoka mlangoni kulikuwa na meza, na juu yake chupa kubwa ya chai ya wafanyakazi. Alimimina kidogo, akaonja. Haikuwa na sukari. Bakuli la sukari lilikuwa pembeni, kila mtu ajitilie.

Alisimama pale na chai mdomoni, akaiona jana yote kama inapita kwenye skrini. Mtu anaingia, ananyoosha mkono kuchukua diski, kiwiko kinagonga kikombe. Chai tamu inamwagika kwenye karatasi. Mwizi wa kawaida angekimbia. Huyu alikwenda koridoni, akachukua chai, akarudi nayo, akakijaza kikombe mpaka kwenye ua. Si kwa ustaarabu. Si kwa ujanja pia, maana mjanja angeondoa zile karatasi. Alifanya hivyo kwa sababu mikono yake haikujua kufanya vingine. Chai ilikuwa kwenye ua, na lazima irudi kwenye ua.

Akameza. Akapiga simu.

"Koplo, jana stoo ya vifaa vya maigizo uliipekua wewe?"

"Mimi, afande. Kona zote."

"Na jeneza la Mkunga?"

Kikasikika kikohozi.

"Koplo?"

"Afande, mimi nina watoto wadogo."

"Jeneza la maigizo, Koplo! Mbao laini na rangi ya kupuliza!"

"Najua, afande. Na mimi niliogopa kimaigizo tu."

"Mchukue Mama Vifungo, mje naye hapa. Sasa hivi."

Bi Daftari alikuwa stoo, anapanga vikombe. Inspekta alikaa juu ya kigoda, akamwacha amalize.

"Wanasema unakumbuka kila kitu, mama."

"Si kila kitu. Vilivyo kwenye daftari."

"Hebu fumba macho, unitajie vilivyomo humu."

Alifumba macho. Aliona haya kidogo, lakini kazi ni kazi. Alianzia mlangoni. Viti sita, kimoja mguu umefungwa waya. Taa mbili, moja kofia imechanika upande wa dirisha. Kitanda cha zahanati. Ndoo ya bluu. Redio isiyo na kitufe. Vijiko kumi na vinne, kimoja kimepinda. Alitaja mpaka kalenda ya mwaka juzi iliyokuwa nyuma ya mlango, akafumbua macho.

"Basi."

"Basi?"

"Basi."

"Umekumbuka kijiko kilichopinda," Inspekta alisema taratibu, "ukasahau jeneza la futi sita lililo nyuma ya mgongo wako."

Bi Daftari hakugeuka. Alivua miwani, akaiacha ining'inie.

"Ile chai," akasema. "Nilijua. Usiku kucha nimejiuliza kama alitia sukari. Rangi nilipatia?"

"Rangi ulipatia kabisa. Hata mwenyewe hakushtuka, mpaka alipoonja."

Inspekta alinyanyua kifuniko. Ndani, juu ya kitambaa cheupe, ilikuwepo diski nyeusi ndogo kama pakiti ya biskuti, imefungiwa lebo kwa uzi, mwandiko mzuri: *Mali ya chumba cha kukatia. Irudishwe.*

"Uliiandikia lebo?"

"Isingekuwa na lebo ingepotea," alisema Bi Daftari, akashangaa kuulizwa.

Kisha akayamwaga yote. Mkunga ana kovu la pasi, mkono wa kushoto. Lipo tangu kipindi cha pili. Watazamaji wanamtambua kwa kovu hilo, mkono wa kushoto. Sasa anarudi, anasukuma mlango, kamera inausogelea mkono, na kovu liko kulia. Mpambaji alikosea. Yeye siku hiyo alikuwa anaumwa, hakuwepo. Aliporudi akaona, akamwambia Bosi, kipigwe upya kipande hicho tu. Bosi akacheka. Nani ataona?

"Nani ataona!" Bi Daftari alirudia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Watu wamelia wiki tatu. Unawarudishia mtu wao, kisha unawarudishia asiye yeye? Nilitaka niishike siku moja, mpaka akubali. Halafu wakaja polisi, wakamkamata yule mama, Bosi akasema aliyechukua anafukuzwa na kufungwa. Miguu ikagoma, Inspekta. Kila nikitaka kusema, miguu inagoma."

"Mtu amelala sakafuni kwa ajili ya miguu yako."

"Najua. Hilo nimeliandika pia." Akafungua daftari, akamwonyesha. Ilikuwa kweli.

Bosi aliingia akihema, amesikia jeneza limefunguliwa. Alipoiona diski aliibusu. Alipomwona Bi Daftari alinyoosha kidole.

"Mtie pingu!"

"Kwa kosa gani?" Inspekta aliuliza. "Mali ya kituo, ndani ya stoo ya kituo, imehifadhiwa na mfanyakazi wa kituo, ina lebo. Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, wizi wenye lebo sijauona. Yupo mmoja tu mwenye haki ya kushtaki hapa, na huyo anakuja."

Aliyekuja alikuwa Mama Vifungo, goti bovu, kanga imekunjamana, Koplo nyuma yake akilikwepa jeneza kwa macho. Waliketi wote chumba cha kukatia, wamebanana, mkata picha akaweka diski. Skrini ikawaka. Mlango wa zahanati. Mkono unausukuma.

Mama Vifungo aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yakaanza. Halafu yakakatika, kama bomba lililofungwa.

"Simamisha hapo. Kovu limehama."

Bi Daftari alishika ukuta. Bosi alitazama kiatu chake.

"Sekunde mbili," Inspekta alisema. "Nimehesabu. Nani ataona, Bosi?"

"Tunaweza kuigeuza picha," mkata picha alidakia. "Kulia kuwe kushoto. Dakika moja tu."

"Uigeuze vifungo viende upande wa kiume?" Mama Vifungo alimgeukia. "Wewe mtoto, mama yako anakujua?"

Ilikuwa saa nane mchana. Saa moja jioni ilikuwa mbali kwa mtu anayesubiri, na karibu sana kwa mtu anayefanya kazi. Mwigizaji aliitwa kutoka alikofichwa. Mlango wa zahanati ukasimamishwa tena, kovu likachorwa kushoto, Bi Daftari akalipima kwa rula, mara mbili. Gauni lililetwa, vifungo tisa vinang'aa.

"Hapa pana tatizo," Bosi alisema kwa unyonge, maana sasa alikuwa ameanza kuona. "Mkunga hakuwa na kifungo cha tatu."

Kila mtu alimtazama Bi Daftari. Naye alimtazama Mama Vifungo, ambaye usiku wa jana alilala chini kwa sababu yake.

"Nisamehe, dada," akasema.

"Kovu kwanza," alijibu Mama Vifungo. "Msamaha tutauzungumza tukimaliza. Nina mengi ya kukwambia, na mgongo unaniuma."

Bi Daftari alichukua penseli. Akaandika, huku akisoma kwa sauti: "Kifungo cha tatu. Kimeshonwa alipokuwa amepotea. Kuna mtu alimtunza." Akafunga daftari. "Endeleeni."

Saa kumi na mbili na dakika hamsini mkata picha alipandisha mikono juu kama mfungaji wa bao. Safari hii ziliwekwa nakala nne, Inspekta mwenyewe akazihesabu.

Saa moja kamili skrini kubwa ya mapokezi iligeuziwa dirishani, watu wa mabango wakasogea mpaka pua zikagusa kioo. Walikuwa kimya, wengi wamevaa nyeusi. Zahanati ikaonekana, kitanda kitupu, mwanamke mwenye uchungu akiita na hakuna wa kumwitikia. Mlango. Mkono. Kovu, mkono wa kushoto.

Kelele ilianzia nyuma, kwa mtu mmoja aliyewahi kuona kuliko wengine. "Ni yeye! Kovu! Ni yeye!" Halafu ikawa hakuna tena anayesikika peke yake. Mabango yalirushwa hewani, mwalimu wa hesabu alimkumbatia mlinzi akamwangushia kofia, Bosi akatolewa nje akidhani anakwenda kupigwa, akajikuta anabebwa. Koplo alikuwa analia waziwazi na sare yake.

Simu ya Inspekta ililia. Ilibidi azibe sikio la pili.

"Mwanangu! Yu hai!"

"Naona, mama."

"Nilikwambia! Si nilikwambia? Mizigo nimeshaifungua. Na ngoja, umeona? Umeona kifungo? Kile cha tatu kimerudi! Nani kamshonea?"

Pale nje watu walikuwa wamepata habari. Walimnyanyua mwanamke mmoja mwenye goti bovu juu ya vichwa vyao, naye alikuwa anawapigia kelele wamshushe, huku akipunga mikono yote miwili.

"Namfahamu, mama," Inspekta alisema. "Mpaka leo mchana alikuwa mahabusu wangu."